Mpira Uliotemwa Una Mwenyewe: Simon Msuva na Mabao ya Taifa Stars

Mhadhara kwa makocha wa vijana, wazazi na wachezaji chipukizi, Ngamiani, Tanga, 2025

Assalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu mliokaa pale mlangoni kwenye upepo, makocha wenzangu, na nyinyi wanangu mliokuja na viatu vya mpira shingoni, karibuni. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini, akaniomba nizungumzie safari ya mabao ya Simon Msuva akiwa na timu ya taifa. Nimeshukuru. Wanaonijua wanajua nitaanzia wapi, na nawaona wameanza kucheka. Chekeni. Naanzia palepale: Cairo, dakika ya sita.

Nani anaikumbuka mechi ya Kenya? Nyoosheni mikono. Haya, tunatosha. Tarehe 27 Juni 2019. Tumekaa miaka 39 hatujauona mlango wa Mataifa ya Afrika, tangu Nigeria 1980. Tumefika Misri, mechi ya kwanza Senegal wametupiga mbili bila. Ya pili ni hawa jirani zetu, Kenya. Dakika ya sita Mbwana Samatta anapata nafasi, anaachia shuti. Kipa wao, Patrick Matasi, anauzuia mpira lakini hakuudaka. Ameutema. Msuva huyo hapo, anausukumia wavuni. Moja bila.

Sasa mimi miaka sita nakaa vibarazani Tanga hii, na kila nikilitaja bao lile nahudumiwa neno moja pamoja na kahawa: bahati. "Ah, mwalimu, lile la kudondokewa tu." Juzi mtu mzima kabisa, ana wajukuu, ananiambia hata bibi yake angelifunga.

Kudondokewa! Jamani, uwanjani siku ile wapo watu 22. Mpira umetoka mikononi mwa kipa, uko huru, hauna mwenyewe. Mabeki wa Kenya wapo. Hao ndio wako karibu zaidi na goli lao, kazi yao ni kuusafisha. Mpira wa namna hiyo unakaa huru kitambo gani? Hesabuni na mimi: moja... basi. Umeisha. Kwenye moja hiyo, mtu aliyekuwa amesimama anatazama shuti la mwenzake afanye nini? Aone kipa ametema, akili imwambie "kimbia", mguu uitikie, avuke hatua nne tano, ampite beki? Haiwezekani. Hata uwe na mbio za swala, haiwezekani. Aliyefika ni yule aliyeanza kwenda kabla. Mguu wa Samatta unashuka kwenye mpira, mwenzake tayari yuko njiani, anakimbilia mpira ambao bado haujatemwa. Mara tisa kati ya kumi anakimbia bure. Mpira unaingia, au unapaa, au kipa anaudaka, naye anarudi mbio zote bila mtu kumpigia makofi. Ya kumi ndiyo mnayoiita bahati.

Mwenyekiti ananitazama saa. Naomba aniache kidogo hapa, maana hapa ndipo penye mhadhara wote.

Mnaujua ukuta wangu. Wasioujua: kule tunakofanyia mazoezi kuna ghala la zamani la mkonge, halina paa sasa, limebaki kuta. Ukuta mmoja ni wa mawe ya matumbawe, plasta imebanduka, una mabonde na vinundu. Ukiupigia mpira haukurudishii pale unapotaka. Unakwenda kushoto, unakwenda kulia, mara unakuja chini kama panya, mara unaruka juu ya kichwa. Kwangu ukuta ule ni kipa bora kuliko makipa wote, maana unatema kila mpira na haumwambii mtu utautemea wapi.

Zoezi ni hili. Watoto wawili. Mmoja anapiga shuti ukutani, mwingine anatakiwa aufikie mpira kabla haujadunda mara ya pili. Basi, hakuna la zaidi. Koni hatuna na hatuzihitaji.

Alikuja kijana mmoja kutoka Makorora, ana miaka kumi na miwili, mguu wake wa kushoto mtamu, chenga zake mama yangu. Kila mtu alisema huyu ndiye. Nikamweka ukutani. Mwenzake akapiga, yeye akasimama. Mpira umerudi, umedunda mara tatu, ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mara ya pili vilevile. Ya kumi vilevile. Nikamwita kando, nikamuuliza bila ukali, "Baba, mbona unasimama?" Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, nilikuwa naangalia kama inaingia."

Nilikuwa naangalia kama inaingia. Nimelala nalo jibu lile. Kwa sababu ndivyo tulivyo wote. Mwenzako akipiga, unakuwa mtazamaji kama aliyelipa kiingilio. Unasahau kwamba uko ndani ya uwanja. Mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa na hamu tu ya kuona.

Kesho yake nikamgeuza, mgongo kwa mpigaji, uso ukutani, nikamwambia: usitazame chochote, sikiliza. Ukisikia mguu umegonga mpira, nenda. Siku ya kwanza alikuwa anachelewa, anangoja asikie ukuta. Nikamwambia ukuta ni habari ya jana, sikiliza mguu. Wiki ya pili akaanza kuwahi. Wiki ya tatu nikamrudisha akaona mpira, na miguu ikawa inakwenda yenyewe. Tukaenda kucheza na watoto wa Pongwe, uwanja una tope, mvua ya asubuhi, kipa wao glavu zimemzidi mikono. Shuti la kwanza kipa akatema, na mwanangu huyo yuko miguuni pake. Shuti la tatu likatemwa, huyo tena. Tuliporudi kwenye basi baba mmoja, wala si wa kwetu, akaniambia, "Mtoto wako ana bahati huyu." Nikamwomba Mungu anipe subira.

Ndiyo maana nikiona bao la Cairo naona ukuta. Na ndiyo maana namweka Msuva mbele ya vijana kila siku. Huyu hakuanza kama namba tisa, mshambuliaji wa kati. Yanga tulimjua winga, mtu wa pembeni, mbio na krosi. Na bado msimu wa 2014/15 alimaliza mfungaji bora wa ligi, mabao 17. Akarudia 2016/17, mabao 14, akagawana na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting. Winga! Nyinyi makocha mnaompachika mtoto wa miaka kumi jina, "wewe beki, wewe straika," na jina halimtoki mpaka anaota ndevu, litazameni hilo. Anayetoka pembeni anaona boksi zima mbele yake, na beki amemkodolea macho namba tisa. Anaingia kama mtu wa nyumbani, kwa mlango wa uani.

Kuna mgosi pale nyuma najua ananisubiri na Samatta. Nakujua, kila mwaka unaniuliza. Kwamba Samatta amefunga Ubelgiji, msimu wa 2018/19 mabao 23 ya ligi na Genk wakabeba ubingwa, halafu akija Stars hafungi vile, kwa hiyo hajitumi. Nimelisikia neno hili uwanjani Mkwakwani, nimelisikia kwenye daladala, na linanikera. Genk nyuma yake walikuwapo kina Trossard na Malinovskyi. Kazi yao ilikuwa kumtafuta yeye. Akija kwetu anakuta nani wa kumtafuta? Anashuka mwenyewe katikati, anaupokea mpira na mabeki wawili mgongoni, anageuka, anampa mwenzake. Amekuwa mpishi.

Turudi Cairo. Shuti lililotemwa ni la nani? La Samatta. Twende Mataifa ya Afrika ya Ivory Coast, San Pedro, tarehe 21 Januari 2024, tunacheza na Zambia. Dakika ya 11 Msuva anafunga. Pasi ya nani? Samatta. Mabao mawili, mashindano mawili tofauti, miaka karibu mitano imepita katikati, na kila mara mpira umetoka mguu wa yuleyule kuja kwa yuleyule. Halafu mtu ananiambia Samatta haifanyii kitu timu ya taifa! Siku ya Kenya hata yeye mwenyewe alifunga, dakika ya 40, akatuweka mbele mara ya pili. Tukafungwa tatu mbili, najua. Michael Olunga alifunga mawili, Johanna Omolo moja. Na Zambia nao, wako kumi uwanjani, tangu kipindi cha kwanza refa ametoa kadi nyekundu, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Usiku ule sikula. Lakini mshambuliaji aliyetanguliza timu yake dakika ya 6 na ya 11 usimdai bao la beki. Amekupa dakika themanini za kulinda, wewe ndiye uliyeshindwa kulinda.

Naam, mzee, nimekuona. Unasema Mrisho Ngasa. Nakubali, na nampenda Ngasa kama unavyompenda. Mwaka 2012 Kampala, Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, tuliwafunga Somalia saba bila, matano yake peke yake na mawili ya John Bocco. Mabao matano mechi moja ukiwa na jezi ya taifa si mchezo, na asiyempa heshima yake ana husuda. Mabishano ya vijiweni, nani ana mengi, huyu 24, huyu 25, yule wa kirafiki ahesabiwe, yule asihesabiwe, hayo mimi siyawezi na wala hayanisaidii kumfundisha mtoto. Ninachokiuliza mimi ni kimoja. Bao hili likifutwa, nini kinabadilika?

Chukueni kalamu. Kufuzu kwenda Ivory Coast. Kundi letu lilikuwa na Algeria, Uganda na Niger. Tulicheza mechi sita. Tulifunga mabao mangapi? Wewe unasema saba. Wewe, sita. Matatu! Mechi sita, mabao matatu. La kwanza George Mpole, sare ya moja moja na Niger. Mawili yaliyobaki yote ni Msuva. Moja Ismailia, Misri, Machi 2023, tunawafunga Uganda moja bila kwenye uwanja waliouazima kuwa nyumbani kwao. La pili Juni mwaka uleule, Dar es Salaam, Niger, moja bila. Tukaenda Algeria tukabana sare bila mabao, tukafuzu nyuma ya Algeria kwa pointi 8. Uganda walikuwa na 7.

Pointi moja. Sasa futa bao la Ismailia, iwe sare. Sisi tuna 6, Uganda 8. Hatuendi. Lirudishe hilo, futa la Niger. Sisi 6, Uganda 7. Hatuendi. Mabao mawili, na ukiling'oa lolote moja kati yake nyumba inaanguka. Niambieni katika mabao saba ya Somalia ni lipi ukiling'oa nyumba inaanguka. Simdharau mtu. Naonyesha tu mizani.

Kufuzu kwenda Morocco vivyo hivyo. Ni juzi tu, Novemba 2024, hakuna wa kusema amesahau. Kwanza Ethiopia, tunacheza nao Kinshasa, mbili bila, Msuva akafungua dakika ya 15, Feisal Salum akaongeza. Siku tatu baadaye Guinea, uwanja wa Mkapa. Guinea wana pointi 9, sisi 7. Sare wanakwenda wao. Kipindi cha kwanza kimekwisha hakuna kitu. Mimi nilikuwa hapa Barabara ya Kumi na Mbili, banda la video, watu tumebanana mpaka mtu anapumulia shingo ya mwenzake, feni imekufa, na mama mwenye banda ameacha kukusanya mia tano tano kwa sababu naye amegeukia runinga. Dakika ya 61, Msuva. Sikumbuki nani alinikumbatia. Nilipotoka shati lilikuwa na alama ya mkono wa mafuta ya chapati mgongoni, na nimekataa lifuliwe wiki nzima.

Hilo nalo lifuteni mwone. Sisi tunabaki na 8, Guinea wana 10. Desemba 2025 tungekuwa tunatazama wenzetu.

Nimebakiwa na dakika ngapi? Saba? Basi mengine napita mbio.

Wanaosema anakosa sana. Ndiyo, anakosa. Nimemwona akikosa mabao ya wazi, nikashika kichwa. Lakini mtu akikosa mara nne mechi moja, maana yake amefika mara nne. Wapo washambuliaji hawakosi kwa sababu hawafiki, na hao hakuna anayewazomea. Mzazi, mwanao akikosa usimpigie kelele ukiwa nje ya chaki. Muulize alifika mara ngapi. Mimi nina daftari, kila mechi naandika kufika kwanza, mabao pembeni. Mtoto wa Makorora mechi moja alifika mara kumi na moja, hakufunga hata moja, nikampa jezi ya unahodha.

La pili. Mabao yake kadhaa yamekuja mapema, au ugenini, au yote mawili. Cotonou, Oktoba 2021. Benin wametufunga moja bila Dar, siku tatu baadaye tuko kwao, dakika ya sita Msuva keshafunga, tukashinda moja bila. Lubumbashi mwezi mmoja kabla, Congo wametutangulia, yeye akasawazisha. Nilitaka nilieleze hili kwa kirefu, namna mtu anavyoingia uwanjani akiwa tayari amepasha moto kichwa pamoja na miguu, lakini tuliache, tutalikuta siku nyingine.

La wazee wa 1980 nisiliruke, wasije wakanilaumu. Vijana mnadhani mpira ulianza na simu. Ndola, 1979, tumeshawafunga Zambia kwetu, tunahitaji sare kwao, wametutangulia, na dakika zinayoyoma. Peter Tino akasawazisha. Moja moja, tukaenda Nigeria. Kule Nigeria Thuwein Ally akafunga bao dhidi ya Misri, akafunga na dhidi ya Ivory Coast. Watu wa rika langu tulisikiliza kwenye redio moja, mtaa mzima, imewekwa dirishani. Na Juni 2024 tumerudi Ndola ileile, kufuzu Kombe la Dunia, Waziri Junior akafunga dakika ya tano, tukashinda moja bila. Sijui kwa nini watu hawakuingia barabarani siku ile. Mimi niliingia.

Kuhusu mabinti nilikuwa na karatasi nzima hapa, na mama zangu msamaha, nimekula muda wao na ghala langu. Niseme tu kwamba ukuta haubagui. Wapo mabinti watatu wa Chumbageni wanaowahi mpira kuliko wavulana wote nilionao, na mmoja wao yupo hapa, ameinama kwa haya. Inua kichwa, mwanangu.

Swali? Moja tu, adhana inakaribia. Ndiyo, kijana. Anauliza: mwalimu, kama wewe ndiye uliyepiga shuti, unafanya nini?

Huyu nani kamzaa? Hilo ndilo swali. Umepiga, usisimame na mikono kiunoni kumlaumu kipa. Fuata shuti lako mwenyewe. Wa kwanza kujua mguu umegonga mpira ni wewe, kabla ya masikio ya mtu mwingine yeyote, kwa hiyo umeshamtangulia kila mtu kwa nusu hatua. Itumie.

Jumamosi saa kumi jioni, baada ya Alasiri, ghalani. Njooni wawili wawili na mpira mmoja. Vaeni raba, msije na njumu, yale mawe yanakula soli. Na nyinyi wazee wa kahawa mnaosema bahati, njooni pia. Nimewaandalia benchi, mkae karibu na ukuta, msikie mguu.